Mafunzo ya uwakala wa waigizaji watoto: mzazi ananunua nini?

WASOMAJI wa ukurasa huu wamezoea kupima bidhaa kwa gunia, kwa tani au kwa hisa. Wiki hii tunawaomba wapime bidhaa isiyo na gunia: nafasi ya kijana kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya wakala wa waigizaji watoto huko Los Angeles, Marekani. Ni bidhaa inayouzwa kama nyingine. Anayeitangaza kwa wazazi hutaja Hollywood katika kila sentensi ya pili. Ukijumlisha nauli, bima, viza, pango na ada ya aliyeitafuta nafasi yenyewe, bei yake inaweza kumeza faida ya duka la mtaa kwa mwaka mzima.

Kwa mtazamo wa safu hii, bidhaa hiyo si mbaya. Tatizo ni kwamba mnunuzi anadhani ananunua mlango wa kuingilia kwenye filamu, kumbe kinachopatikana ndani ya ofisi ile ni elimu ya udalali. Na udalali ni kazi ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo anaielewa kuliko waigizaji wengi.

Tuangalie ofisi hiyo inavyopata fedha. Wakala hatengenezi filamu na wala hamwajiri mtoto. Anasimama kati ya familia na watayarishaji, anatafuta kazi, anabishania bei, anasoma mkataba, kisha anachukua kamisheni. Kwa kazi zilizo chini ya chama cha waigizaji cha Marekani, kamisheni hiyo ni asilimia 10. Mtoto asipopata kazi, wakala hapati kitu, ingawa simu, pango na mishahara ya ofisi vinaendelea kulipwa.

Katika jimbo la California wakala wa aina hii lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi na aweke dhamana ya dola 50,000. Fedha ya mteja ikiingia haichanganywi na ya ofisi. Inakaa katika akaunti ya amana na inatakiwa kumfikia mwenyewe ndani ya siku 30, kamisheni ikiwa imekatwa. Msomaji ambaye amewahi kununua hisa kupitia dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, tangu lilipoanza biashara Aprili 1998, hataona jambo geni hapo. Leseni, dhamana, fedha ya mteja kando: dalali ni dalali.

Mwaka 2009 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 2010, inayokataza wakala kudai malipo ya awali kwa familia ili amwakilishe mtoto. Sababu inaeleweka. Anayelipwa kabla ya kazi hana haja ya kuitafuta kazi. Biashara yake ni kuandikisha wazazi. Tulikuwa na wetu waliotualika kupanda mbegu ili tuvune, wakafungiwa mwaka 2009, kwa hiyo somo hili si la Wamarekani peke yao. Jambo la kushangaza ni kwamba mzazi yule yule anayelijua hilo humkabidhi mtafutaji wa nafasi za mafunzo fungu zima kabla hajaona hata barua ya ofisi itakayompokea mwanawe.

Sasa tuingie ndani ya ofisi. Mwanagenzi hatakaa meza moja na nyota wa sinema. Atapokea simu, atapanga picha na rekodi za usaili ambazo wazazi wanazituma, na atafuatilia vibali vya kazi vya watoto, ambavyo California hutolewa kwa miezi sita na hutegemea mtoto awe anafanya vizuri shuleni. Atajifunza kwamba kichanga wa kati ya siku 15 na miezi sita haruhusiwi kukaa eneo la kazi zaidi ya saa mbili kwa siku, na ndani ya saa hizo anafanya kazi dakika 20 tu. Hapo ndipo atakapoelewa kwa nini watayarishaji hupenda pacha: Mary-Kate na Ashley Olsen waligawana nafasi ya mtoto mmoja katika mfululizo wa televisheni Full House, kuanzia mwaka 1987 hadi 1995, na saa za kazi zikaongezeka bila sheria kuvunjwa.

Kazi hizo ni za kuchosha, lakini ndizo zenye elimu. David Geffen, ambaye baadaye alitajirika kwa muziki na filamu, alianzia katika chumba cha barua cha wakala William Morris mwaka 1964. Barua zinazopita mikononi mwa karani ndizo zinazoonyesha nani anamlipa nani, kiasi gani, na kwa masharti yapi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Gary Marsh. Mama yake alikuwa wakala Los Angeles, na kijana huyo alikuwa akienda kwenye studio kusoma miswada na kumwandikia mama muhtasari wa nafasi zinazotafutwa: mtoto wa kike, umri fulani, siku fulani. Mawakala wengine wakataka karatasi hiyo hiyo. Mwaka 1971 akaifanya kuwa biashara, Breakdown Services, ambayo hadi leo ni njia kuu ya mawakala wa huko kujua nani anatafutwa. Ukitazama vizuri, kijana yule alianzisha taarifa ya soko, kitu kile kile ambacho msomaji anakishika mkononi sasa. Hakuwa na kipaji cha kuigiza cha kuuza. Alikaa karibu na biashara hadi akaona pengo lilipo, na hilo pengo lisingeonekana kutoka nje.

Liko somo jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo linalostahili nauli. Jackie Coogan aliigiza na Charlie Chaplin katika filamu The Kid mwaka 1921 akiwa mtoto mdogo, na kwa miaka iliyofuata aliingiza fedha zinazokadiriwa kuwa kati ya dola milioni 3 na milioni 4. Alipofika utu uzima akakuta karibu zote zimekwisha. Sheria ya wakati ule ilihesabu kipato cha mtoto kuwa mali ya wazazi. Mwaka 1938 alimshitaki mama yake pamoja na baba yake wa kambo, na mwisho wa yote akaambulia dola 126,000 hivi. Mwaka 1939 California ikatunga sheria inayoitwa kwa jina lake, lakini ilikuwa na matundu mengi, na watoto wengine wakaendelea kupotelewa. Marekebisho yaliyoanza mwaka 2000 ndiyo yaliyosema wazi kwamba kipato ni mali ya mtoto, na kwamba asilimia 15 ya malipo kabla ya makato iwekwe katika akaunti isiyoguswa hadi afikishe miaka 18.

Tuweke hesabu, kwa mfano wa kubuni. Mtoto amepata tangazo la dola 10,000. Wakala anachukua 1,000. Akaunti ya mtoto inapata 1,500. Familia ikiwa na meneja, naye kwa kawaida huchukua asilimia 10 hadi 15, tuseme 1,500. Zinabaki 6,000, na hapo bado hujagusa kodi, picha, mwalimu wa uigizaji, na mafuta ya gari ya safari nyingi za usaili ambazo hazikuzaa kitu. Mwanagenzi akirudi nyumbani akiweza kuandika hesabu hiyo kwenye karatasi na kuitetea mbele ya mteja, amerudi na mtaji.

Kazi yake huku ipo. Watoto wanaonekana katika matangazo ya sabuni na maziwa, na mwaka 2016 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya Queen of Katwe ambamo watoto wa Kampala walibeba sehemu kubwa ya hadithi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataja umri wa chini wa kufanya kazi kuwa miaka 14, na wakala makini ataanza na hilo kabla ya kupokea picha ya mtoto yeyote. Ama ile asilimia 15 ya mtoto, hakuna anayezuiwa kuiandika katika mkataba kwa hiari, hata pasipo sheria ya kulazimisha. Wakala wa kwanza atakayefanya hivyo atapata wazazi wengi kuliko ataowamudu.

Turudi kwa mzazi mwenye fedha mkononi. Mwanagenzi wa kigeni huenda Marekani kwa viza ya J-1, kwa muda usiozidi miezi 12, chini ya mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Kanuni zinadai mpango wa mafunzo ulioandikwa katika fomu DS-7002, wenye saini za mdhamini, ofisi inayompokea na kijana mwenyewe. Kazi za ukarani haziruhusiwi kuzidi asilimia 20. Kama anayeuza nafasi hawezi kuonyesha fomu hiyo, hana nafasi ya kuuza.

Kuhusu malipo, tusidanganyane. Ofisi nyingi za burudani zimezoea kutumia vijana bure. Mwaka 2011 wanagenzi waliofanya kazi katika filamu ya Black Swan waliishitaki kampuni iliyohusika wakidai mshahara. Jaji wa kwanza akawaunga mkono mwaka 2013, lakini mahakama ya rufaa mwaka 2015 ikasema kipimo ni nani anayenufaika zaidi, mwanagenzi au mwajiri. Kipimo hicho mzazi anaweza kukitumia mwenyewe akiisoma ile fomu. Ikiwa miezi yote imeandikwa simu na faili, anayenufaika anajulikana, na anayegharimia ni wewe.

Mwisho ni suala la viza yenyewe. Juni 2025 Marekani iliweka vizuizi vilivyoigusa J-1 kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo, na Desemba mwaka huo orodha ikapanuliwa na kuijumuisha Tanzania. Masharti ya aina hii hubadilika, kwa hiyo swali la kwanza liulizwe ubalozini, kabla ya kwenda kwa mtafutaji wa nafasi. Ikumbukwe pia kwamba anayepewa hadhi ya mwanagenzi ni aliye bado chuoni au aliyehitimu katika miezi 12 iliyopita. Akichelewa ataingia kundi la wenye uzoefu wa kazi, ambalo linadai shahada pamoja na mwaka mmoja kazini, au miaka mitano kazini bila shahada. Na risiti ya ada, kama ni lazima itolewe, iandike kwa maneno yasiyo na utata kwamba fedha yote inarudi viza ikikataliwa, na irudi ndani ya siku ngapi.