Kabla ya kutoa fedha ya pikipiki, ishike kadi

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, wenye pikipiki za kuuza nao hawalali. Wanajua kwamba mkulima wa Guta na vijiji vya jirani wilayani Bunda hushika fedha nyingi kwa mkupuo mara moja kwa mwaka, na kwamba jambo la kwanza linalomjia kichwani, baada ya ada za watoto na bati za nyumba, ni pikipiki. Mfanyabiashara wa dagaa na sato kando ya Ghuba ya Speke naye yuko hivyo hivyo. Mvua na mwezi vikimkalia vizuri kwa miezi miwili mitatu, baiskeli inaanza kumchosha.

Hatuwalaumu. (Msomaji wa Dar es Salaam asichanganye: Guta tunayoizungumzia hapa ni kata, si lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo Kariakoo.) Samaki anayefika sokoni Bunda asubuhi hauzwi kwa bei ya samaki anayefika saa saba mchana, na mbegu au dawa ya pamba inayofuatwa kwa saa moja si sawa na inayofuatwa kwa siku nzima. Pikipiki ni jembe kama jembe jingine. Wasiwasi wetu ni jinsi inavyonunuliwa.

Mpya ya dukani, kwa zile zinazopendwa kama Boxer na TVS, inaweza kufika milioni tatu, kwa hiyo wengi wanaoanza huishia kwenye ya mkononi. Hapo ndipo mnunuzi ambaye hajawahi kumiliki chombo hutazama rangi ya tangi na stika, husikiliza mlio wa ekzosi, hupanda, huzunguka uwanja mara moja na kutoa fedha. Kadi anaahidiwa kesho. Sisi tunasema kadi ndiyo ianze, injini ifuate.

Sababu ni huu utaratibu wa mkataba ambao siku hizi umeenea katika biashara ya bodaboda. Mwenye fedha hununua pikipiki na kumkabidhi kijana. Kijana hurejesha, tuseme, Sh10,000 kila siku kwa mwaka mzima au zaidi, na akimaliza chombo kinakuwa chake. Kwa siku 365 hizo ni Sh3,650,000, na muda wote huo kadi hukaa kwa mwenye fedha. Sasa kijana akishindwa njiani, akaumwa, akapata deni au akaingiwa na tamaa tu, hujikuta amekalia mali ambayo kila mtu mtaani anaamini ni yake. Humuona akiiendesha kila siku! Anaiuza kwa mtu wa kata nyingine kwa bei ya kuokota, anatoa kivuli cha kadi na maelezo kwamba halisi iko kwa kaka yake Mwanza. Mwezi mmoja baadaye mwenye kadi anatokea na askari. Pikipiki inaondoka, kijana hajulikani alipo, na fedha ya pamba ya mwaka mzima ndiyo imekwenda hivyo. Mnunuzi mwenyewe anaweza kulala mahabusu akieleza alivyoipata.

Zipo pia zilizowekwa dhamana. Mtu amekopa kwenye Saccos au kwa mkopeshaji binafsi, ameacha kadi huko, kisha anauza chombo kabla ya kumaliza deni. Kwa mnunuzi hasara ni ile ile.

Kwa hiyo mnunuzi aombe kadi halisi na kitambulisho cha muuzaji, na majina yafanane. Kama hayafanani, mwenye jina lililo kwenye kadi aje mwenyewe. Kisha ainame: namba ya chesesi huwa imegongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani, na ya injini iko kwenye injini yenyewe upande wa chini. Afute tope na oili asome tarakimu moja moja akilinganisha na kadi. Akikuta pamepigwa tupa au pamechomelewa, aage kwa heshima aondoke. Mkoa wetu uko karibu na mpaka wa Sirari, na pikipiki yenye namba za Kenya zinazoanza na KM, au isiyo na namba kabisa, inaweza kuuzwa rahisi kwa sababu tu haikulipiwa ushuru. Urahisi huo mnunuzi ataulipia forodha.

Aende na namba hizo ofisi ya TRA aulize imesajiliwa kwa nani. Mfumo wa polisi wa usalama barabarani nao unaonyesha, kwa namba ya usajili, faini ambazo hazijalipwa. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya mwanasheria, na mtendaji wa mtaa au kijiji ajue. Fedha isitoke yote: sehemu ibaki mpaka uhamisho wa umiliki ukamilike TRA. Muuzaji mwelewa hatakasirika, maana naye asipohamisha jina ataendelea kuandikiwa faini na kuitwa kituoni kwa makosa ya mtu mwingine.

Karatasi zikikaa sawa, ndipo fundi aitwe. Awe fundi wa mnunuzi, asiwe wa muuzaji. Nendeni asubuhi na mguse injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ina moto, jua imewashwa mapema ili isikuaibishe kwa kugoma. Iache ichemke, kisha ongeza mafuta na kuachia. Moshi wa buluu unaoendelea kutoka ni oili inayoungua, maana yake ringi au pistoni zimechoka, na hiyo ni kazi ya kufungua injini. Usiamini kilomita zilizo kwenye dashibodi, kwani waya wa spidi huchomolewa kwa dakika moja. Tazama badala yake meno ya sproketi: yakichongoka kama ya msumeno, chombo kimetembea.

Kwa za huku ziwani, fundi akague zaidi sehemu ya nyuma. Pikipiki iliyobeba samaki hudondokewa na maji siku nzima, na kutu huanzia chini ya kiti na kwenye keria, mahali ambapo rangi mpya hupakwa haraka. Nyingi huogeshwa ziwani kwa kuingizwa mpaka kwenye ekseli, na beringi hazipendi hilo. Iliyobeba magunia hulegea spoku na fremu hupinda. Simama nyuma yake uangalie kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja.

Kuhusu ukubwa, kijana anayetoka kwenye baiskeli hutaka moja kwa moja ya cc 150, kwa sababu ndiyo aliyoiona ikipita. Ina nguvu ya mzigo, ni kweli. Lakini sheria inatofautisha: pikipiki isiyozidi cc 125 ni leseni daraja A1, inayozidi hapo ni daraja A. Mwenye kubeba ndoo mbili za samaki na yeye mwenyewe hahitaji zaidi ya cc 100 au 125, inayokula petroli kidogo na isiyomtoka mikononi kwenye kokoto. Anayeisaka tela ya magunia kumi juu ya pikipiki atafute la magurudumu matatu.

Na mwenye milioni mbili asinunue pikipiki ya milioni mbili. Bima, leseni, gharama za uhamisho, kofia ngumu mbili, oili, tairi na cheni vyote vinamsubiri wiki ya kwanza. Tungemshauri atafute ya milioni moja na nusu.

Yapo pia yanayohusu wakubwa. Mtu wa Guta akiambiwa aache kazi aende mjini kuhakiki kadi, kisha arudi tena kwa uhamisho na tena kwa sahihi ya muuzaji, ataacha, na wauzaji wanalijua hilo. TRA kwa kushirikiana na Halmashauri ya Mji wa Bunda waweke meza siku za mnada katika msimu wa pamba, pawe na ofisa mmoja na askari mmoja wa usalama barabarani, namba zisomwe papo hapo na uhamisho uanze papo hapo. Nao wanaotoa pikipiki kwa mkataba waache kuridhika na kadi iliyofungiwa kabatini. Nakala ya mkataba ikae kwa mtendaji wa mtaa anakofanyia kazi kijana, ili mnunuzi anayekwenda kuuliza apate jibu kabla hajafungua pochi.