Nyumba ni yako, boila je?

Baridi ikianza hapa Uingereza tunafikiria blanketi na bili ya gesi. Boila yenyewe, ile iliyofichwa kabatini jikoni, hatuikumbuki mpaka maji yatoke baridi. Na safari hii siwalaumu wenye nyumba, maana baadhi yetu wenye nyumba ndio sisi.

Mpangaji ana sheria nyuma yake. Anayempangisha analazimika kukaguza vifaa vyake vya gesi kila mwaka, na kwa England, tangu Oktoba 2022, chumba chenye boila lazima kiwe na king'ora cha kaboni monoksaidi. Ukinunua yako ukaishi humo, hakuna wa kukugongea mlango. Hapo ndipo tunapolala.

Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Hutokea moto unapokosa hewa ya kutosha, na hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu. Unadhani ni mafua. Ukitoka nje unapata nafuu, ukirudi yanaanza tena. Wakiumwa nyumba nzima kwa pamoja, shtukeni: zimeni gesi, fungueni madirisha, tokeni, pigeni 0800 111 999, kisha muonane na daktari.

Sasa la kwetu wenyewe. Mvua ikinyesha mishkaki haijaiva, mtu hulibeba jiko la mkaa akaliingiza ndani, na wengine huliacha sebuleni lipashe joto. Eti mbona nyumbani tulipikia mkaa? Nyumbani madirisha ni ya nyavu na upepo unapita. Hapa vioo ni viwili viwili na kila ufa umezibwa. Makaa yaliyokwisha kutoa moshi bado yanatoa sumu.

King'ora ni kama pauni 20. Tunatuma mabati Tanga na saruji Unguja bila kunung'unika, lakini pauni 20 za kulinda watoto waliolala chumba cha pili tunaziona nyingi! Ukishakiweka, kibonyeze mara kwa mara, na usome nyuma tarehe yake ya kwisha, maana nacho huzeeka.

Fundi naye awe na kadi ya Gas Safe, iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Igeuze kadi: nyuma pameandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Yule jamaa yetu anayejua kila kitu kwa bei ya kirafiki, mpeni kazi ya kupaka rangi.