Tulimlilia Farasi

Jumamosi moja ya mwezi uliopita, baada ya Masifu ya Jioni na chakula, tuliwashiwa projekta ukumbini tukatazama War Horse, sinema ya Steven Spielberg ya mwaka 2011. Wengi wetu hatujawahi kumgusa farasi. Tunakotoka kuna ng'ombe, mbuzi na punda. Farasi tunamjua kwa picha ya Mtakatifu Jorji akimchoma joka. Hata hivyo, farasi Joey aliponaswa kwenye seng'enge kati ya mahandaki ya Waingereza na ya Wajerumani, ukumbi mzima ulinyamaza, na baadhi yetu tulifuta macho kwa mikono ya sweta tukisingizia mafua.

Kesho yake, tukiosha vyombo, frateri mmoja akauliza: "Jana tulimlilia farasi. Wale vijana wawili waliopigwa risasi pale kwenye kinu, nani aliwalilia?" Hakuna aliyejibu haraka. Mmoja wetu alikumbuka kwamba wakati ule alikuwa ameinuka kwenda kuchukua chai.

Kwa ambao hawajaitazama, kisa ni hiki. Albert ni kijana wa wakulima maskini huko Devon, Uingereza. Anamlea Joey tangu akiwa mtoto wa farasi. Vita vya Kwanza vinapoanza mwaka 1914, baba yake anamuuza farasi huyo jeshini kwa sababu ya madeni. Joey anapita mikononi mwa kapteni Mwingereza, kisha ndugu wawili wa jeshi la Ujerumani, kisha msichana Mfaransa na babu yake, kisha tena Wajerumani wanaomtumia kukokota mizinga. Albert naye anajiunga na jeshi. Mwishoni wanakutana, kijana akiwa amefungwa kitambaa machoni kwa sababu ya gesi ya sumu, na farasi anamtambua kwa mluzi wake. Wanarudi nyumbani.

Ukitazama hadithi kadhaa za aina hii utaona mifupa yake ni ileile. Kijana na mnyama wanapendana, fedha au amri inawatenganisha. Kila anayempokea mnyama huyo, awe wa upande gani, anaonekana mwema kwa muda. Lazima awepo mnyama wa pili anayekufa ili wa kwanza apone. Hapa ni Topthorn, yule mweusi mrefu. Mpaka wa vita unafunguka kwa dakika chache kwa ajili ya mnyama, halafu unafungwa. Na lazima arudi nyumbani. Mizizi ya utaratibu huu ni ya kale sana. Homeri aliwaonyesha farasi wa Akile wakimlilia Patroklo, na kitabu cha Ayubu kina farasi anayenusa vita kutoka mbali. Michael Morpurgo, aliyeandika riwaya ya Joey mwaka 1982, alikwenda mbali zaidi: farasi mwenyewe ndiye anayesimulia.

Hatusemi utaratibu huu ni mbaya. Farasi hana taifa, na kwa sababu hiyo anaweza kutupeleka kwa adui bila sisi kujiona tumesaliti. Tukio la seng'enge ndilo lililo bora kuliko yote katika sinema hiyo. Askari Mwingereza anatoka handakini akiwa na kitambaa cheupe, Mjerumani anatoka na koleo za kukatia waya, wanamkata Joey kutoka kwenye miiba huku wakitaniana, halafu wanarusha sarafu kuamua nani aondoke naye. Watu hao wawili walikuwa tayari kuuana asubuhi hiyo. Hotuba juu ya amani isingetufikishia jambo hilo namna ile.

Tatizo letu liko kwingine. Tunasoma Poetika ya Aristotle mwaka huu, na yeye anasema huruma huamshwa na mateso yasiyostahili. Kwa kipimo hicho farasi hana mpinzani: hakuanzisha vita, hakukubali wala kukataa. Lakini Aristotle anaendelea. Tanzia, kwake, husimama juu ya mtu anayekosea, mtu ambaye angeweza kufanya vingine. Farasi hawezi kukosea. Ukimweka yeye katikati ya hadithi, swali la nani alikosea linaondoka taratibu, na vita inabaki kama mafuriko au radi, jambo lililotokea tu.

Angalieni kamera inavyofanya. Ndugu wawili wa Kijerumani, vijana wadogo, wanakamatwa kwa kutoroka jeshi na kusimamishwa mbele ya bunduki za wenzao. Wakati risasi zinalia, bawa la kinu cha upepo linapita mbele ya kamera. Linapoondoka, miili iko chini. Wapanda farasi wa Kiingereza nao wanapoikimbilia mitambo ya rashasha ya Wajerumani, tunaona farasi wakiruka bila watu migongoni. Kifo cha mtu kinafichwa kwa adabu. Seng'enge inayomkaza Joey tunaonyeshwa waya kwa waya. Tunaelewa kwamba sinema ilikusudiwa hata kwa watoto, lakini watoto pia hujifunza wapi pa kuelekeza macho.

Hata kurudi nyumbani kwenyewe ni kwa nadra. Inakadiriwa kwamba farasi, nyumbu na punda wapatao milioni 8 walikufa katika vita ile, na kati ya farasi wa Uingereza waliobaki hai wengi waliuzwa hukohuko Ulaya, wengine kwa wachinjaji. Sinema inalidokeza hilo, maana katika mnada wa mwisho mchinjaji anashindania bei.

Sasa, vita hiyohiyo ilipiganwa hapa kwetu. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani yakiwa na farasi, na mbung'o wakawaua kwa maelfu. Farasi walipokwisha mizigo haikubaki njiani. Ilibebwa na watu. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, kama lile la Kariakor ya Nairobi, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, ambacho babu zetu walikitamka walivyoweza. Kwa upande wa Waingereza peke yake, idadi inayotajwa sana ni zaidi ya wapagazi 95,000 waliokufa, wengi kwa magonjwa na lishe duni. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao. Hawa ndio waliowekwa mahali pa farasi, na sisi mafrateri tunapanda daladala za Kariakoo bila hata mmoja wetu kujua jina la mpagazi mmoja.

Kwa nini hakuna sinema ya mluzi juu yao? Ubaguzi na fedha ni sehemu ya jibu, tunakubali. Tunadhani kuna sababu nyingine pia. Ukisimulia habari za mpagazi huwezi kukwepa kusema nani alimkamata, jumbe gani alimtoa, nani alipima unga wake ukawa pungufu, na nani hakulipa ujira wake. Mpagazi ana mdomo wa kushitaki. Farasi, hata akipewa riwaya nzima asimulie, hamshitaki mtu.

Mwenzetu mmoja alitupinga kwa kumtaja Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anayefundisha kwamba anayezoea kuwahurumia wanyama atakuwa mwepesi kuwahurumia watu. Ni kweli, na hatutaki mtu aache kumlilia Joey. Ila mazoezi huwa ni ya mechi. Timu yetu ya seminari inafanya mazoezi vizuri sana, na wote mnajua matokeo yake dhidi ya timu ya parokia.

Tungeliacha jambo hili ukumbini kama isingekuwa zamu yetu, wiki iliyofuata, kuandika maombi ya waamini ya Jumapili. Ombi la tatu lilihusu mashariki ya Kongo. Tuliandika tulivyozoea: tuwaombee watoto na kina mama wasio na hatia wanaoteseka kwa vita. Yule frateri wa kuosha vyombo akasoma, akasema, "Hapa tumeandika farasi tena." Tulibishana mpaka kengele ya usiku. Tukawabakiza watoto na kina mama, tukawaongeza wanaoshika bunduki, wanaowatuma, na wanaonunua madini yanayochimbwa chini ya ulinzi wa bunduki hizo. Padre mlezi alilisoma mara mbili, akauliza kama tuna hakika. Tukasema ndiyo.

Baada ya Misa mama mmoja wa jumuiya ndogondogo alitusubiri nje ya kanisa. "Mafrateri," akasema, "hao wanaonunua ni akina nani?" Tulitazamana. Tukamwomba atupe hadi Jumapili ijayo.