KUTEMBEA SI KUZURURA





Imeenea desturi miongoni mwa vijana wetu walioko masomoni Uingereza, Ujerumani na Uturuki. Ikiingia likizo hukusanyika watatu au wanne, kila mmoja na mkoba wake mgongoni, wakenda mji wa Ulaya wasioujua. Hulala katika hosteli, ambako mtu hukodi kitanda tu katika chumba cha watu sita au wanane, na mchana kutwa huuzunguka mji kwa miguu. Picha zao zikifika Mombasa, Lamu au Unguja, nyumba hugawanyika. Baba asema huo ni uhuni. Mama asema mwanawe atarudi si mwanawe tena. Na baadhi yetu sisi tuitwao masheikh hupanda mimbari tukaliharamisha jambo zima kwa neno moja, kisha tukashuka tukaenda zetu.

Mimi nasema hapana. Kuharamisha bila ya kufundisha ni uvivu, na uvivu hauwi ucha Mungu kwa kuvishwa kilemba.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Qur'ani, na si mahali pamoja tu, twende katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Hakutuambia tuketi barazani tuhadithiwe. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa yapata mwaka wa 1331, ndiye huyo huyo aliyefika Granada, ambayo Waarabu waiita Gharnata, yapata miaka 20 baadaye. Naye alipofika Mogadishu alipelekwa kukaa katika nyumba ya wanafunzi. Basi kulala nyumba moja na wageni wenzio si uzushi wa Wazungu. Katika Granada yenyewe limesimama hata leo jengo liitwalo Corral del Carbón, lililojengwa na Waislamu katika karne ya 14: lango kubwa, ua wenye maji katikati, na vyumba pande zote kwa ghorofa tatu. Lilikuwa funduk. Wafanyabiashara waliweka bidhaa zao humo, na humo humo wakalala.

Na hizo hosteli zenyewe, mwajua asili yake? Mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alikuwa na ada ya kuwatembeza wanafunzi wake kwa miguu. Mwaka wa 1909 mvua kubwa iliwakuta njiani, na hapo ndipo alipopata fikra ya kuweka nyumba za kulala vijana wasafiri. Mwaka wa 1912 akafungua ya kwanza katika ngome ya Altena. Kwa miaka mingi nyumba za namna hiyo zilitenga wanaume na wanawake, mlango ulifungwa usiku, na mgeni alipewa kazi ya kufagia au kuosha vyombo kabla ya kuondoka. Kuwalaza wanaume na wanawake chumba kimoja ni jambo lililokuja baadaye. Msiichome nyumba nzima kwa sababu ya chumba kimoja.

Na hapa pana unafiki ambao lazima tuuseme. Tajiri akimpeleka mwanawe Dubai au London, wakalala hoteli ya ghali, wakazunguka madukani wiki nzima wakarudi na masanduku matano ya nguo, hakuna anayenong'ona. Twaambiwa: "Mashaallah, wametembea." Lakini kijana aliyekula mkate na zeituni, akalala kitanda cha bei ndogo na kuchoka miguu ili auone mji, huyo ndiye mhuni! Israfu twaiita heshima, na kukinai twakuita uhuni. Tangu lini?

Walakini, ndugu msomaji, simfungulii kijana mlango nikamwacha bila ya taa. Yako masharti.

La kwanza ni rafiki. Waarabu husema mtu atafute rafiki kabla ya kutafuta njia. Rafiki wa safari ni yule atakayekuamsha alfajiri nawe umechoka. Asiyekuamsha si rafiki, huyo ni mpangaji mwenzio tu.

La pili ni malazi. Hosteli nyingi zina vyumba vya wanawake peke yao, na baadhi zina vya wanaume peke yao. Na vijana wanne wakikodi chumba cha vitanda vinne, chumba ni chao, hapana atakayeingia. Mwenye kusema alilazimika kulala chumba cha mchanganyiko, aghlabu hakulazimika. Hakutafuta. Na binti zetu waende pamoja na maharimu wao, wala wasione kwamba hilo ni kuonewa.

La tatu ni chakula. Jikoni mwa hosteli kikaango kimoja hukaanga kila kitu, basi chukua chako. Tena Granada ina ada yake: mikahawa mingi humpa mteja sahani ndogo ya chakula bure kila aagizapo kinywaji, na mara nyingi ndani yake mna nyama ya nguruwe. Uliza kabla ya kutia mkono.

La nne ni sala. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, ukinuia kukaa siku nne kamili mahali pamoja, ukitoa siku ya kufika na siku ya kuondoka, ruhusa hiyo imekwisha. Wengi wa vijana wetu hawalijui hili, na wasiojua ni wetu sisi tuliowafundisha. Na asiseme mtu kwamba Granada hakuna pa kusalia. Msikiti ulifunguliwa mwaka wa 2003 katika mtaa wa Albaicín, juu ya kilima, ukielekeana na Alhambra.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno. Nina ugomvi na vijana pia.

Kijana hufika Granada, akapanda Alhambra, akaona imeandikwa ukutani mara zisizohesabika kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Akapiga picha. Akaandika chini yake: "Haya yalikuwa yetu." Akatoa chozi. Kisha akaenda kula. Huko si kutembea, huko ni kuzurura. Chozi lisilouliza "kwa nini yaliondoka?" ni maji tu.

Kama kweli una miguu, shuka mjini. Kanisa kuu limejengwa mahali pa msikiti wa jamii. Ubavuni mwake wamezikwa Ferdinand na Isabella, na mkabala wa kaburi lao, hatua chache tu, ipo madrasa iliyojengwa na Sultani Yusuf wa Kwanza mwaka wa 1349. Leo ni mali ya Chuo Kikuu cha Granada. Panda vichochoro vya Albaicín, vyembamba kama vya Lamu, uingie katika kanisa la San Salvador: ua wake ni ua wa msikiti. Ukikaa ndani ya basi la watalii mambo haya hukupita. Ndiyo maana nikasema kutembea kwa miguu ni bora.

Kisha uliza. Mwaka wa 1482 Abu Abdillahi alimwasi baba yake, Sultani Abul-Hasan Ali, na mwaka huo huo maadui wakauteka mji wa Alhama. Mwaka wa 1483 akatekwa yeye mwenyewe, akaachiliwa kwa mapatano ya kuwa chini ya mfalme wa Kikristo. Baadaye akapigana na ammi yake. Malaga ilipozingirwa ikaanguka mwaka wa 1487, hakwenda kuinusuru, maana ilikuwa upande wa ammi yake. Tarehe 2 Januari 1492 akazitoa funguo za Granada. Aliahidiwa kwa maandishi kwamba Waislamu wataachiwa dini na misikiti yao. Haikupita miaka kumi, watu wakabatizwa kwa nguvu na vitabu vya Kiarabu vikachomwa moto. Mwaka wa 1609 wakaanza kufukuzwa hata wajukuu wa waliobatizwa.

Dhuluma ya adui haina udhuru, nasi hatumtafutii. Lakini nani alimfungulia mlango? Ni baba, mwana na ammi, waliogombea kiti hali nyumba inaungua.

Basi sisi tunaoililia Andalus tujitazame. Hatugombanii uongozi wa misikiti hata tukapelekana mahakamani? Hatupigi kelele kila mwaka juu ya mwezi, na kila mwaka juu ya maulidi, ilhali chuo cha mtaani kinavuja na mwalimu wake hajalipwa? Mwenye kulia kwa ajili ya madrasa ya mwaka wa 1349 na asijue ile ya jirani yake yahitaji mabati mangapi, machozi yake na ayaweke.

Kwa hivyo, wewe baba, na wewe mama, mwacheni mwana aende, mradi mmemfunza kabla hajaenda. Aliyepotea Granada aghlabu alikwisha kupotea nyumbani, huko alikwenda kuonekana tu. Naye akirudi, msimwombe picha kwanza. Mwulizeni: mji ule uliangukaje? Akiweza kuwajibu, alitembea. Akishindwa, mwelekezeni chuoni, akaanze kwa kuyahesabu mabati yanayovuja.

Wabillahi tawfiq.