Sentimita 9 za Nywele, Miaka 13 ya Kunyolewa

Mwanzoni mwa Desemba, mitihani ya taifa ya Senior Six inapomalizika, wasichana wa Uganda huanza jambo ambalo wengi wao hawajawahi kuruhusiwa: huziacha nywele zikue. Tangu Primary One, kwa miaka 13, shule nyingi za nchi hii zimewataka wakate nywele hadi karibu na ngozi. Nywele hukua kwa wastani wa sentimita 1 kwa mwezi. Basi binti atakayeingia Chuo Kikuu cha Makerere mwezi wa Agosti atapanda kilima kile akiwa na sentimita 8 au 9 za nywele zake mwenyewe, na hajui hata kuzichana.

Mwalimu wake wa kwanza atakuwa msusi wa Wandegeya, chini tu ya chuo, ambako saluni zimepangana mlango kwa mlango. Huko ataambiwa neno ambalo wanawake wengi wa Kampala wamewahi kuambiwa: nywele zako ngumu, tuziweke dawa. Ataweka. Atatoka na nywele zilizolala, zinateleza, zinang'aa, naye atafurahi kwa haki yake. Baada ya wiki 8 hivi mizizi itachomoza na atarudi. Mwaka wa pili atakuwa anauliza kwa nini zinakatika, na kwa nini ukingo wa nywele juu ya paji la uso unarudi nyuma.

Swali hilo lingejibiwa nyumbani, kwenye beseni la maji, kama pangekuwa na mtu wa kulijibu. Lakini mama yake naye alinyolewa vilevile.

Tuanze na mng'ao anaoufuata saluni. Kung'aa kwa nywele kunatokana na umbo kabla ya mafuta. Unywele mmoja umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama ya sato wa Ziwa Viktoria. Yakilala sawasawa, mwanga huyagonga na kurudi kwa pamoja, na jicho huona mng'ao. Yakiinuka au kumomonyoka, mwanga hutawanyika, na nywele huonekana zimefifia hata kama zimepakwa mafuta hadi yanachuruzika shingoni. Nywele za singa zimenyooka, hivyo hurudisha mwanga kama kioo. Za kipilipili hujipinda kila baada ya milimita chache, na kila pindo huutupa mwanga upande wake. Hata zikiwa na afya kamili, zitang'aa kwa vimeta, na anayezidai zing'ae kama bati jipya anazidai kitu kisicho cha asili yake.

Mapindo hayohayo ndiyo yanayozifanya kavu. Mafuta ya asili hutoka kwenye ngozi ya kichwa na kuteremka polepole. Kwenye unywele ulionyooka hufika hadi ncha, kwenye uliojisokota huishia njiani. Ukavu huo si ugonjwa, wala hauponywi kwa kostiki.

Na kostiki ndiyo hasa iliyomo. Dawa nyingi za kunyoosha nywele hutumia kostiki soda, ileile ya watengenezaji sabuni, na zile zinazouzwa kuwa ni za upole au za watoto hutumia kemikali nyingine, lakini nazo hupita pH 11, wakati ngozi ya kichwa ina pH ya 5.5 hivi. Kazi yake ni kuvunja viungo vya salfa vinavyoushikilia msokoto wa unywele. Vikishavunjika havirudi, kinachobaki ni kungoja nywele mpya zikue. Ndiyo maana kichwa kikichubuka hata kidogo, dawa huwasha kama moto, na ndiyo maana wasusi wazuri hukataa kuiweka siku ileile mteja alipofumuliwa na kujikuna.

Kuna jambo zito zaidi. Oktoba 2022, Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Afya ya Mazingira ya Marekani ilichapisha utafiti uliowafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliokuwa wametumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 katika mwaka mmoja walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kinachozidi mara 2 cha wasiotumia: ilikadiriwa kwamba hadi umri wa miaka 70, wasiotumia wangeipata kwa asilimia 1.64, na watumiaji hao kwa asilimia 4.05. Utafiti wa aina hiyo huonyesha uhusiano tu, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa. Hata hivyo, mwanamke wa Kampala anayerudi saluni kila baada ya wiki 8 hupaka dawa mara 6 kwa mwaka. Ana haki ya kuijua hesabu hiyo kabla hajainamisha kichwa.

Tuje nyumbani. Jambo la kwanza ambalo Kampala inalo, na wachache wanalijua, ni maji. Mji hunywa Ziwa Viktoria: maji husafishwa kwenye mitambo kama ya Ggaba na kusukumwa hadi mabombani, nayo ni maji laini, yenye chokaa kidogo. Mwanamke wa Unguja au Mombasa anayeoga kwa maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe anaijua shida ya sabuni isiyotoa povu na nywele zinazobaki na utando. Wa Kampala hana shida hiyo. Anachokiharibu mwenyewe ni kuziosha nywele kwa sabuni ya mche. Sabuni ya kufulia ina pH ya 9 au 10. Huyainua magamba, huyaondoa mafuta yote, na nywele zikikauka hukwaruza kama makuti. Shampuu ya kawaida, mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, yatosha.

Baada ya shampuu huja kondishona, na hapa ndipo nywele hupona au huvunjika. Kichana huingia wakati nywele zina maji na kondishona imekolea, si kabla. Kwanza vidole, kisha chanuo lenye meno mapana, kuanzia ncha kupanda mizizini. Mabinti wengi walijifunza kinyume chake: kukivuta kichana kikavu kutoka mzizini kwenda nchani, machozi yakiwatoka, huku mtu akiwaambia wavumilie. Kile kinachobaki kwenye meno ya kichana ni nywele zilizokatika, na hakuna mafuta duniani yanayoziunganisha tena.

Kisha zisisuguliwe kwa taulo. Fulana kuukuu ya pamba huyanyonya maji bila kuyachokoa magamba. Nywele zikiwa bado na unyevu hupakwa mafuta kidogo, halafu husokotwa twisti kubwa kubwa zikauke usiku kucha ndani ya kitambaa cha satini. Asubuhi zikifumuliwa zimelainika, zimerefuka kidogo, zina mng'ao, na hakuna pasi ya nyuzijoto 200 iliyozigusa. Kitambaa hicho kina kazi ya pili mchana: hukaa chini ya kofia ngumu ya boda boda, ambayo husugua ukingo wa nywele kila siku ya Mungu.

Neno la mafuta linahitaji subira, kwa sababu wengi wanadhani mafuta hulowesha. Hayaloweshi, huyafungia maji yaliyokwishaingia. Ukipaka kwenye nywele kavu umefungia ukavu. Nazi ina sifa yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na nazi peke yake ndiyo iliyopunguza upotevu wa protini, kwa kuwa huweza kupenya ndani ya unywele. Bibi wa pwani aliyemkanda mjukuu wake kichwa kwa tui na mafuta ya nazi kabla ya kumwogesha alikuwa na hoja. Yai na parachichi, ambavyo kila mtu huvisifu, vina hoja ndogo zaidi. Chembe za protini ya yai ni kubwa mno kuingia kwenye unywele. Hukaa juu, hulainisha kwa siku moja, na kwa maji ya moto huiva kichwani. Parachichi ya Kampala ni nzuri mno kuishia kwenye mfereji wa bafuni.

Lakini Uganda ina mafuta yake, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kaskazini, katika wilaya kama Otuke, Agago na Pader, huota mti wa shea, ambao mafuta yake Walango na Waacholi huyaita moo yao. Haupandwi, hujiotea mashambani na kuhifadhiwa na wenye shamba, na huchukua miaka 15 hadi 20 au zaidi kabla ya kuzaa. Wanawake huokota matunda yaliyodondoka, nyama yake huliwa, kokwa hukaushwa, huvunjwa, hukaangwa, husagwa, kisha huchemshwa hadi mafuta yaelee. Mafuta hayo ni tofauti na yale ya Ghana au Burkina Faso. Yale huganda kama mshumaa. Haya ya Uganda yana asidi ya oleiki nyingi zaidi, hivyo ni laini, na kwenye joto la mchana hukaribia kuwa maji kiganjani. Kwa nywele kavu za kipilipili ni vigumu kupata yanayofaa zaidi. Kiasi cha kunde moja, kinachosuguliwa viganjani hadi kipotee, chatosha kichwa kizima.

Huo ndio mti unaoishia kwenye sigiri za Kampala. Shea ina mbao ngumu na makaa yake hukaa moto muda mrefu, kwa hiyo umekatwa kwa miaka mingi na kusafirishwa kwa magunia kuja mjini. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa katika eneo la Acholi. Amri ni jambo jema. Mteja wa mafuta ni jambo jema zaidi, kwa kuwa mti unaomlipia mama karo za watoto kila msimu wa kuokota hautakatwa kwa bei ya gunia moja. Viwanda vya vipodozi vya nchi hii havikosi uwezo. Movit ilianzishwa Kampala mwaka 1997 na bidhaa zake zimeenea hadi nchi jirani. Moo yao yanastahili kujaa kwenye maduka ya mtaa wa Kikuubo mjini Kampala kama yalivyojaa makopo ya dawa.

Kusuka nako kuna elimu yake. Kampala mistari ya nywele zenyewe bila rasta huitwa biswahili, jina linaloonyesha mtindo huo ulikoaminika umetoka. Ni mtindo wa rehema ukisukwa bila kuvutwa. Ukivutwa, hung'oa. Utafiti wa madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, ulikuta upara wa kuvutwa kwa asilimia 17.1 ya wasichana wa shule na asilimia 31.7 ya wanawake wazima. Msuko unaouma siku ya kwanza umekazwa kupita kiasi, na mteja aliyelipa fedha zake ana haki ya kusema ufumuliwe. Vipele kwenye mizizi ni onyo. Sehemu iliyoanza kuwa na upara, au mapunye yasiyokwisha, ni ya daktari wa ngozi, si ya msusi.

Na sahani isisahauliwe. Unywele ni protini. Matoke matupu hayaujengi. Maharage, dagaa waitwao mukene, karanga na mboga ya dodo huujenga, na damu ikipungua madini ya chuma, nywele huwa za kwanza kuachwa zidondoke.

Walimu wakuu wana sababu zao za kunyoa: usafi, chawa, muda, usawa kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini. Sababu hizo zingekuwa na uzito zaidi kama kanuni isingelegezwa, kama inavyotokea mara kwa mara, kwa mwanafunzi mwenye asili ya Kihindi au aliyechanganya damu. Mtoto aliyekaa dawati la pili huona, na huelewa kwamba nywele za mwenzake ni nywele, na zake ni uchafu. Ni somo baya kuliko chawa. Shule zinazojali usafi zingeweza kuruhusu biswahili fupi, bila rasta, na kutenga saa moja Jumamosi bwenini wasichana wafundishane kuosha na kusuka. Wizara ya Elimu ingeweza kulisema hilo kwa waraka mmoja.

Waraka usipokuja, wazazi wasingoje Desemba. Likizo tatu za mwaka zinatosha kumkalisha binti kwenye kigoda, beseni la maji ya Ggaba mbele yake, chanuo na kikopo cha moo yao pembeni, na kumwonyesha kwa mikono. Binti aliyefundishwa hivyo, akimaliza Senior Six asiweke dawa, atakuwa na sentimita 12 za kuchana mwaka mmoja baadaye.