Mnaosubiri Utulivu wa Mbezi

Vijana wenzangu, nimechoka kusikia: “Kariakoo kelele bwana, nikipata chumba Mbezi Luis nitaandika riwaya, kule kumetulia.” Utaandika saa ngapi? Mbezi kumetulia mchana kwa sababu wenyewe hawapo! Wameondoka alfajiri, wako huku Kariakoo wanatafuta riziki. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016 njia yake iliishia Kimara. Wa Mbezi akabaki kugombea daladala. Usiku anarudi hoi, analala. Utulivu huo ni wa nani, jamani? Wa kuku na mlinzi! Riwaya ya Mbezi imo garini, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Daftari unalo. Anza hapahapa, kelele zikiwepo.