Mwalimu wa Kwaya na Wale Wakaao Kimya

Mwezi huu twataka kunena habari za mtu ajulikanaye katika kila usharika, yaani mwalimu wa kwaya. Yeye huinua mkono, watu wakaimba. Lakini kabla hajauinua, amekwisha kuamua ni nani watakaoimba na ni nani watakaosikiliza tu.

Tazameni Karatu. Wamo Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu. Wamo Wadatoga wenye ng'ombe, ambao wengine huwaita Mang'ati. Jina hilo ni la Kimasai, maana yake adui, nasi hatupendi kulisikia kanisani. Kando ya Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, wawindaji, ambao lugha yao haina ndugu ajulikanaye. Ukipanda Ngorongoro, waingia kwa Wamasai. Sasa mwalimu asimamapo mbele ya watu kama hao, naye ana kitabu kimoja tu chenye sauti za Kijerumani, yatakuwaje? Mzee asiyejua kusoma atanyamaza. Kipofu atanyamaza. Mama aliyetoka bomani asubuhi atanyamaza naye.

Wala si kwamba hawajui kuimba! Wamasai wanaye olaranyani, kiongozi aanzishaye wimbo, na wenzake humwitikia kwa sauti nyingi za kooni pasipo ngoma. Wairaqw wana slufay, maneno ya baraka ambayo mzee huyatamka na mkutano humjibu. Wahadzabe hucheza epeme katika giza la usiku usio na mwezi, wanawake wakiimba. Hapo kipofu na mwenye macho ni sawasawa.

Jambo hili alilifahamu Howard Olson, Mmarekani aliyefika Tanganyika mwaka 1946. Alipokuwa mwalimu katika chuo cha teolojia cha Makumira, karibu na Arusha, alikusanya pamoja na wanafunzi wake sauti za makabila yao, zikatiwa maneno ya Kikristo. Mwaka 1968 kikatoka kitabu cha Tumshangilie Mungu. Bernard Kyamanywa alikuwa ameutunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, mwaka 1966, kwa sauti ya Kihaya. Olson akautia katika Kiingereza, na leo huimbwa huko Marekani na watu wasiojua Bukoba iko upande gani.

Hatuidharau do, re, mi. John Curwen aliieneza Uingereza tangu miaka ya 1840 ili wasiojua noti za mistari waimbe nao, na kwa kuwa ni herufi tu, ilichapwa kwa gharama ndogo. Nia yake ilikuwa ile ile. Ila wimbo wa olaranyani hauingii vema katika herufi hizo. Afadhali ujifunzwe kwa sikio.

Kwa hiyo twamshauri mwalimu aanze na nyimbo za kuitikia, na kiongozi awe mwenye sauti ile, Mdatoga kwa sauti ya Kidatoga, naye mwalimu aushushe mkono wake akaitikie pamoja na wengine. Tena, kabla ya kuleta sauti yo yote kanisani, na awaendee wazee wenye wimbo, awaulize. Epeme, kwa mfano, ni jambo takatifu kwa Wahadzabe. Wakisema haifai kutolewa, na aiache huko huko kwao.